Cessna 182P ya mwaka 1975: ndege niliyoichagua baada ya kuiaga Boeing

Rubani wa shirika la ndege akistaafu, watu humchagulia ndege kabla yeye mwenyewe hajafungua pochi. Mimi walinichagulia Beechcraft Bonanza, ndege ya injini moja yenye mbio. Vijana wa mahanga ya Kajjansi, uwanja mdogo wa ndege karibu na Kampala, walikwenda mbali zaidi: Kapteni atakuja na turbini, walisema, yenye vioo vya kompyuta kutoka dirisha hili hadi lile. Nilipoingiza Cessna 182P ya mwaka 1975, nyeupe iliyochujuka na mistari ya kahawia ubavuni, mmoja wao aliizunguka polepole, akagusa ncha ya propela, kisha akaniuliza kwa adabu zote, "Mzee, hii ndiyo yenyewe au ni ya kusubiria?"

Ndiyo yenyewe. Nimeishi nayo vya kutosha kuweza kusema mazuri yake na mabaya yake, na wenzangu wanaokaribia kustaafu wameanza kunipigia simu na maswali yale yale. Kwa kanuni za kimataifa, ukifika miaka 65 unashuka kwenye chumba cha marubani cha ndege ya abiria ya safari za nje, upende usipende. Leseni ya binafsi haina ukomo huo. Inadai cheti cha daktari cha daraja la pili, ambacho sisi tuliovuka 50 hukifanya upya kila mwaka. Kwa hiyo mtu mwenye macho mazuri na moyo usio na makuu bado ana miaka ya kuruka, na swali la anunue nini si la mzaha.

Ushauri wa ndege haufai kitu kama hujui anayeutoa anaishi vipi. Nilikulia kambi ya polisi Nsambya, ndiyo maana Kiswahili changu kina harufu ya gwaride. Nilisomea urubani Soroti, nikarusha Fokker F27 za Uganda Airlines ya zamani, ile iliyofungwa mwaka 2001, kisha Boeing 737 nje ya nchi hadi mwisho. Sifanyi utalii wa biashara, sifundishi. Ninachotaka ni kwenda hifadhi ya Kidepo na mama watoto, kumwona shemeji Arua, kuwahi harusi na misiba bila kulala Karuma, na kuwa nyumbani kabla ya mvua ya alasiri.

Matakwa hayo peke yake yaliitoa Bonanza mashindanoni. Ni ndege nzuri, sibishi. Imekuwepo tangu 1947, inakimbia, na ukikaa ndani unajiona bosi. Lakini magurudumu yake hukunjwa, na kila kinachokunjwa kina mota, fito, swichi na vimilango vyake, navyo vyote vitakula vumbi la viwanja vya Kihihi na Pakuba. Isitoshe, matangi yake yako sehemu ya mbele ya bawa. Mafuta yakiungua, kitovu cha uzito hurudi nyuma, kwa hiyo ndege uliyoipakia sawasawa wakati wa kuondoka inaweza kuwa imevuka mpaka wake wa nyuma wakati wa kutua. Kwenye Boeing kulikuwa na mtu wa ofisini wa kunifanyia hesabu hiyo na kuniletea karatasi nitie saini. Sasa mtu huyo ni mimi, na mama watoto ana desturi ya kusukumia mkungu wa matoke nyuma wakati mimi naongea na mnara.

Piper Archer na Cherokee nilizitazama kwa sababu ya bei, ambayo ni ya kiungwana. Zimenishinda kwa mabawa na mlango. Mabawa yako chini, na viwanja vyetu vingi vina nyasi ndefu na vichuguu pembeni. Mlango ni mmoja tu, upande wa kulia, na unaufikia kwa kupanda juu ya bawa, yaani rubani huingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Goti langu la kushoto lilitoa uamuzi kabla yangu. Tena mwaka 2018 kule Daytona Beach, Florida, bawa la Piper Arrow ya mafunzo lilikatika angani, na mamlaka ya anga ya Marekani ikaja kuamuru mihimili ya mabawa ya ndege nyingi za ukoo wa PA-28, ambao Archer na Cherokee ni wake, zilizofanya kazi sana ipimwe ufa. Si sababu ya kuzikataa zote, ila ukinunua Piper iliyotumika shuleni, karatasi ya kipimo hicho ndiyo ya kwanza kuomba.

Iliyonikosesha usingizi ni Diamond DA40 ya dizeli. Hiyo inakunywa Jet A-1, mafuta yale yale ya ndege kubwa, na kwa Uganda jambo hilo ni zito, nitalirudia hivi punde. Injini yake ya Austro ina nguvu za farasi 168, haina kabureta wala kitasa cha kupunguza mafuta. Unasukuma mkono mmoja mbele, kompyuta inafanya mengine. Mtu wa Boeing anajiona nyumbani humo. Nilichojiuliza ni hiki: siku kompyuta itakapokataa nikiwa Moroto, nani atakuja na programu ya kuisemesha? Halafu gurudumu lake la pua halina usukani, linajizungukia lenyewe na wewe unaelekeza ndege kwa breki, jambo ambalo kwenye lami halina shida na kwenye matope ya Novemba ni shida tupu. Na bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya niliyolipa mimi. Ningekuwa na miaka 45 na benki inanipenda, pengine ningeandika kuhusu hiyo.

Basi yakabaki mabishano ya Cessna kwa Cessna. Sababu yake haina siri: mafundi wa Kajjansi wamezaliwa kwenye Cessna. MAF, ndege za wamisheni, wako pale na Cessna Caravan zao, mabawa ya juu ya Cessna 206 na 182 yanafanana, na kila fundi ana kipuri cha jirani anachoweza kukuazima. Cessna 172 ndiyo ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko zote duniani, zaidi ya 44,000, na marubani wengi wa nchi hii wamejifunzia humo. Kwa nini basi nisichukue 172, ambayo ni rahisi kununua, rahisi kulisha na haina propela ya kubadilisha pembe?

Kwa sababu ya hewa. Uwanja wa Entebbe uko futi 3,782 juu ya usawa wa bahari, na Kajjansi iko karibu na hapo hapo. Mchana wa nyuzi joto 27, hewa imekuwa nyepesi kiasi kwamba bawa na injini vinajiona viko futi 6,000. Injini isiyo na tabo (turbo, pampu ya kuisukumia hewa) hapo imebakiwa na asilimia 80 hivi ya nguvu zake. Cessna 172 ya farasi 160 imebaki na farasi 130, na ukimpandisha shemeji wangu wa Arua na sanduku lake, utaitazama miti ya mwisho wa kiwanja kwa heshima mpya. 182 ina farasi 230. Ikishanyang'anywa na mwinuko na joto inabaki na zaidi ya 180, yaani hata ikiwa imechoka bado inaizidi nguvu 172 iliyo ufukweni Mombasa. Kisoro, ambako kiwanja kiko zaidi ya futi 6,000 na Muhavura imesimama pembeni, mchana wa jua hewa inafanana na ya futi 8,500 au zaidi. Huko na 172 yenye watu wanne siendi, na wewe usiende.

Nilisema nitarudi kwenye mafuta. Jet A-1 utaipata popote turbini zinapokwenda. Avigesi, mafuta ya ndege za pistoni, ni mnyama adimu: ukitoka Kajjansi, hesabu kwamba hakuna, na kama yapo ni ya mtu mwingine ndani ya pipa lake. Kwa hiyo kipimo changu cha ndege si kasi, ni kama inaweza kwenda na kurudi kwa mafuta ya nyumbani. Kajjansi hadi Kidepo ni kama kilomita 410 kwa mstari ulionyooka. 182P yangu ina matangi ya safari ndefu, lita 284 zinazotumika, na kwa mwendo wa wastani inakula kati ya lita 43 na 49 kwa saa. Kwenda na kurudi ni saa tatu na nusu hivi, lita 170 na kidogo ukihesabu kupanda. Zinabaki za kuzunguka mvua, za kubadilisha mawazo na kwenda Soroti, na za usingizi wangu. 172 ya miaka hiyo hiyo yenye matangi ya kawaida ina lita 144 tu za kutumia. Inafika Kidepo vizuri sana. Kurudi ndiko kwenye maombi.

Na bado matangi yakiwa yamejaa pomoni, 182P inabeba. Uzito wake wa juu wa kuondoka ni paundi 2,950, kilo 1,338. Yangu ikiwa tupu ina kilo 820 hivi, mafuta yaliyojaa ni kilo 204, unabaki na kilo zaidi ya 300 za watu na mizigo. Ni watu wanne wa kawaida na mikoba, au mimi, mama watoto, na soko zima la Nakasero.

Sasa ununuzi wenyewe, ambao ndio ningependa watu wausome polepole.

Ndege ilikuwa uwanja wa Wilson, Nairobi, usajili wa 5Y, yaani wa Kenya, mwenyewe ni mkulima wa upande wa Nanyuki aliyeacha kuruka. Nilikwenda na fundi niliyemlipa mimi, asiyejuana na muuzaji, na nakuomba ufanye hivyo hivyo hata kama muuzaji ni mjomba wako. Fundi huyo ni mtu wa maneno machache. Hakugusa rangi wala viti. Alilala chali chini ya pua na tochi, akawa anatazama bamba la chuma linalotenganisha injini na miguu ya rubani. "Hapa ndipo 182 husema ukweli, Kapteni," aliniambia akiwa huko huko chini.

182 ina pua nzito. Mtu asiyevuta usukani vya kutosha wakati wa kutua huangukia gurudumu la mbele, na nguvu ya kishindo hicho hupanda hadi kwenye bamba lile na kulikunja. Mikunjo huonekana kwa chini, karibu na pedali, wakati mwingine imepakwa rangi vizuri. Matengenezo yake ni ghali kwa sababu injini lazima itoke. Hili linatuhusu sisi watu wa mashirika kuliko mtu yeyote. Kwenye 737 macho yako yako juu mno ya lami wakati magurudumu yanagusa. Mwili umezoea kimo hicho kwa miaka na miaka. Ukiingia Cessna, mwili unakuambia umefika ukiwa bado mita kadhaa hewani, unainua pua mapema, kasi inakwisha, na ndege inadondoka. Udhaifu wa ndege na udhaifu wa rubani mstaafu umekutana pale pale kwenye gurudumu la pua. Kwa hiyo kabla hujalipa, kagua bamba. Na baada ya kulipa, chukua mwalimu kijana akukalie kulia hadi macho yakubali kimo kipya. Usione haya. Mistari minne ya begani imebaki kabatini.

Bamba la yangu lilikuwa safi.

Tukaingia kwenye logibuku, madaftari ya historia ya ndege, nusu siku nzima. Saa nyingi za injini hazikunitisha, kilichokuwa kinatafutwa ni miaka ambayo ndege ilisimama. Injini ya ndege isiporushwa hushika unyevu, na hewa ya kando ya Ziwa Victoria ni unyevu mtupu. Hapa Continental O-470 ya 182 ina faida ambayo wauzaji hawaisemi: kamshafti yake, fito inayofungua vali, iko chini ya krankshafti, fito kuu inayozungusha propela, kwa hiyo mafuta yanayodondoka huilowesha. Kwenye Lycoming nyingi kamshafti iko juu, mafuta huteremka yote na chuma hubaki kikavu kikingoja kutu. Moja ya injini za Cessna 172 za mwishoni mwa miaka ya 1970, Lycoming O-320-H2AD, ilipata jina baya hasa kwa kamshafti na tapeti zake kuliwa. Ukiona herufi hizo kwenye kibao cha jina la injini, usikimbie, ila jua unauliza nini.

Kisha silinda zote sita zilipimwa mgandamizo injini ikiwa ya moto, kwa hewa ya paundi 80. Tano zilisimama kwenye sabini na kitu, moja ilikuwa nyuma kidogo. Fundi hakusema lolote. Alipitisha kamera nyembamba kwenye tundu la plagi, tukatazama vali ya moshi kwenye simu yake. Ukiona vali imeungua upande mmoja, rangi yake hailingani mzunguko mzima, hiyo inakaribia kuvunjika hata kama kipimo cha hewa kinasema vingine. Yetu ilikuwa na rangi sawasawa. Akakata kichujio cha oili, akakitandaza kama leso, akatafuta chembe za chuma kwa sumaku. Hakupata za kutia shaka.

Mabaya yalikuwa kwenye matangi. 182 za kabla ya 1979 hubeba mafuta ndani ya mifuko ya mpira iliyowekwa kwenye bawa. Mpira ukizeeka hupata makunyanzi, maji ya mvua yanayopenya kwenye vifuniko vya juu hujificha nyuma ya makunyanzi hayo, unatoa sampuli chini na kuona mafuta safi, kisha ukiinua pua kuondoka maji yanashuka kwenye injini. Mamlaka ya Marekani ilitoa agizo la lazima juu ya jambo hili tangu miaka ya 1980. Mfuko wa kushoto ulikuwa na kunyanzi la kuweza kuficha yai. Tulikubaliana bei ishuke kwa gharama ya mifuko miwili mipya na vifuniko vya aina bora, na kazi hiyo ikafanyika kabla ya ndege kuondoka Wilson. Muuzaji alinuna kidogo, akaagiza chai, tukamaliza.

Reli za viti nazo zitazame. Tundu za reli za Cessna huliwa hadi pini isikamate. Rubani anapoondoka, kiti hurudi nyuma naye akiwa ameng'ang'ania usukani. Watu wamekufa hivyo, na kuna agizo la lazima la ukaguzi wake. Kipuri ni cha bei ndogo, hakuna sababu ya kusamehe. Redio ya dharura pia: kama ni ya zamani ya megahezi 121.5 pekee, satelaiti ziliacha kuisikiliza tangu Februari 2009. Weka ya 406.

Bei ya mwisho ilikuwa chini ya Land Cruiser mpya za wale waheshimiwa tunaowajua. Sitaitaja, maana soko hubadilika na shemeji anasoma.

Safari ya kuileta nyumbani ilikuwa ya kawaida. Mstari ulionyooka kutoka Nairobi hadi Entebbe hukatiza ziwa. Injini moja haikatizi ziwa bila sababu, nikafuata Kisumu, Busia, Jinja, ufuko ukiwa karibu. Forodha na uhamiaji Entebbe, kisha karatasi: kufutwa usajili wa Kenya, kusajiliwa 5X ya Uganda, cheti cha ubora wa kuruka, bima, leseni ya redio. Maofisa walikuwa wakarimu, karatasi zilikuwa nyingi. Tenga muda na nakala za kila kitu.

Inarukaje? Kwa mtu wa ndege kubwa, 182 ndiyo inayofanana na ile kazi kuliko 172. Ni nzito mkononi, imetulia kwenye mawimbi ya hewa ya Karamoja, inakwenda noti 135, kilomita 250 kwa saa, siku nzima bila kulalamika. Saa ya kasi ya mwaka 1975 duara lake la nje ni la maili kwa saa, na hilo huchukua muda. Miezi ya mwanzo nilibandika kikaratasi. Flapu, vibawa vya ukingo wa nyuma wa bawa, zinashuka hadi nyuzi 40, na zikiwa hapo unaweza kuteremka kwa mteremko mkali ukakalia mwanzo wa kiwanja kwa maili 70 hivi. Pakuba, ambako kwanza unapita chini kufukuza swala, ndege ya kutulia namna hiyo inakufaa kuliko inayokimbia.

Miguu ndiyo itakayolalamika. Kwenye jeti miguu hulala hadi siku ya upepo wa pembeni. Hapa ukifungulia farasi 230, pua inavuta kushoto mara moja, na pedali ya kulia inataka mguu wa kweli. Mkono wa kulia nao una kazi ambayo Boeing haikuwa nayo: kitasa chekundu cha kupunguza mafuta. Injini hii ya mgandamizo mdogo ilitengenezwa kwa avigesi ya zamani ya oktani 80. Leo tunaipa avigesi ya 100LL yenye madini ya risasi maradufu na zaidi, na usipopunguza mafuta hata unapotembea chini, risasi hugandamana kwenye plagi na injini huanza kutetemeka wakati wa majaribio kabla ya kuruka. Hati ya kutumia petroli ya magari kwenye injini hii ipo Marekani. Mimi situmii, petroli yenye ethanoli hula mipira, na mifuko yangu ni mipya.

Jingine ni barafu ya kabureta. Usicheke, ni Uganda. Hewa ya nyuzi 25 iliyojaa maji ya ziwa ikipita kwenye koo la kabureta hupoa ghafla na kuganda, hasa ukipunguza nguvu kuteremka kuelekea Kajjansi. O-470 ni maarufu kwa tabia hiyo. Vuta joto la kabureta kabla ya kupunguza nguvu, si baada ya injini kukohoa.

Mama watoto ana tathmini yake. Anapenda bawa la juu kwa sababu anaona tembo na anakaa kivulini tukisubiri gari la hifadhi. Anapenda kuwa na mlango wake mwenyewe. Hapendi kelele, ambazo kwa kweli ni nyingi. Hapendi harufu ya mafuta siku za joto. Na anasema viti ni vya matatu ya mwaka 1975, ambalo ni kosa la hesabu tu, viti ni vya ndege ya mwaka 1975.

Hali ya hewa imenibadilishia ratiba. 737 ilikuwa na rada puani na ilipita juu ya mengi. Hii haina rada, haina dawa ya barafu, na mawingu ya Machi hadi Mei na yale ya mwisho wa mwaka hayajui cheo changu. Usiku hadi alfajiri dhoruba huwa ziwani, alasiri huhamia nchi kavu. Kati ya hapo kuna dirisha la asubuhi, na humo ndimo ninamoishi. Jambo lisilowezekana asubuhi linasubiri kesho, hata kama ni harusi.

Kuhusu gharama, watu huangalia mafuta na kusahau injini. O-470 yangu imepangiwa saa 1,500 kati ya ovahoo (kufunguliwa yote na kufanywa upya) moja na nyingine, kwa hiyo kila saa ninayoruka naweka kando fedha ya siku hiyo, kwa dola, kwenye akaunti ambayo shemeji haijui. Propela ya McCauley nayo ina kalenda yake, na kokoto za moramu huitafuna. Fundi husawazisha vijeraha kwa tupa kabla havijawa ufa. Njia ya kuvipunguza ni kutosimama na kuunguruma juu ya kokoto: jaribu injini ukiwa kwenye nyasi au ukiwa unatembea polepole. Hanga lipia, usiiegeshe jua na mvua. Na rusha kila wiki, hata nusu saa hadi Mukono na kurudi, oili ipate moto unyevu utoke.

Kama unataka kufika Mombasa kabla ya chakula cha mchana bila kutua, hii si yako. Kama umezoea watu wa kukuwekea mafuta, kukuletea hali ya hewa na kukufungia milango, fikiri tena juu ya kumiliki ndege yoyote. Na kama utaruka peke yako tu, kuzunguka Kampala na Jinja, 172 yenye injini nzuri itakutosha na kukubakizia fedha.

Yangu inasubiri kifaa cha kuonyesha joto la kila silinda, kimeagizwa, na mikanda ya mabega ya viti vya nyuma. Anayetaka kuitazama kabla hajanunua ya kwake huwa nipo hanga asubuhi za katikati ya wiki. Aje na vifaa vyake vya masikioni. Seti yangu ya pili waya wake umekatika.